Ringi Mbili za Futi Kumi

Ringi ya netiboli na ringi ya kikapu hutundikwa kimo kimoja, mita 3.05 kutoka chini, yaani futi kumi. Upana ndio hauko sawa: ya kikapu ina sentimita 45, ya netiboli 38. Ya kikapu ina ubao nyuma yake, ya netiboli imesimama peke yake juu ya nguzo. Viwanja navyo vinakaribiana, mita 28 kwa 15 huku, 30.5 kwa 15.25 kule, hata shule yenye sakafu moja tu ya saruji inaweza kuchora mistari ya michezo yote miwili kwa rangi mbili, na mgeni akahangaika kujua upi ni wake. Hali hiyo haikutokea kwa bahati. Michezo hii ni ndugu wa tumbo moja, na kwa wasichana yote miwili ililelewa katika vyuo vya wanawake. Kwa hiyo anayetaka kusimulia jinsi kikapu cha wasichana kilivyofika vyuoni Moshi hana budi kueleza kwanza ni ndugu yupi aliyetangulia kuupanda Mlima Kilimanjaro, na kilichomtanguliza.

Desemba 1891 James Naismith, mwalimu wa chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini ili vijana wake wapate cha kuwachangamsha wakati wa baridi. (Watu wa Moshi wanaijua YMCA kwa hosteli na bwawa la kuogelea, wachache hukumbuka kwamba kikapu ni mtoto wa chama hichohicho.) Wiki chache baadaye, katika mji jirani wa Northampton, mwalimu mpya wa mazoezi ya viungo aliripoti kazini kwenye chuo cha wanawake cha Smith. Jina lake Senda Berenson, mzaliwa wa Lithuania. Alisoma habari za mchezo huo kwenye jarida la YMCA, akaona utawafaa wanafunzi wake waliochoshwa na kunyoosha mikono na kuinama kwa kuhesabiwa.

Tarehe 22 Machi 1893 wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza walicheza na wa mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Milango ilifungwa kwa ufunguo. Mpira wa kwanza ulipotupwa juu, nahodha wa mwaka wa kwanza aliteguka bega. Wakaendelea bila yeye, na wa mwaka wa pili wakashinda 5 kwa 4. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1896, Stanford na chuo kikuu cha California cha Berkeley walikutana San Francisco katika mechi ya kwanza ya wanawake kati ya chuo na chuo. Kila upande ulikuwa na wachezaji tisa, watazamaji wote walikuwa wanawake, na Stanford walishinda 2 kwa 1. Hayo ndiyo matokeo ya mechi nzima, na wanaolalamika kwamba ligi zetu za wasichana hazina vikapu vingi wangefaa kuyakumbuka.

Berenson hakuuacha mchezo kama alivyoukuta. Madaktari na wazazi wa wakati ule waliamini kwamba mbio ndefu zingemharibu msichana moyo na uzazi, naye aliishi katika dunia hiyo. Akaugawa uwanja vipande vitatu, kila mchezaji akabaki kwenye kipande chake. Akakataza kumnyang'anya mwenzako mpira mkononi. Mpira ukiushika, sekunde tatu tu. Ukiudunda, mara tatu basi. Mwaka 1899 kanuni hizo zilichapishwa, na zilikaa muda mrefu kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Katika jimbo la Iowa wasichana wa sekondari waliendelea kucheza sita kwa sita, kila mmoja kwenye nusu yake ya uwanja, hadi 1993.

Wakati huohuo mchezo ulivuka bahari. Martina Bergman-Österberg, Mswidi aliyeendesha chuo cha kufundisha walimu wa kike wa mazoezi jijini London, aliuona Marekani na mwaka 1893 akawaonjesha wanafunzi wake. Chuo kikahamia Dartford, na mchezo ukatoka ukumbini ukahamia kwenye nyasi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kabisa, kwa sababu mpira haudundi vizuri kwenye nyasi. Kudunda kukafa. Ubao nao ukaachwa, vikapu vikawa ringi zenye wavu, na mwaka 1897 na 1899 kanuni za wanawake wa Marekani za kugawa uwanja zikaingizwa. Kufikia 1901 Waingereza walikuwa na kitabu chao cha sheria na mchezo wao, netiboli. Walimu waliofuzu Dartford na vyuo vilivyouiga walitawanyika katika makoloni, kila mmoja akiwa na kitabu hicho sandukuni.

Kilimanjaro ilikutana na ndugu huyu kwanza. Wamisionari Wakatoliki walikuwa Kilema tangu 1891, Walutheri wa Leipzig wakafika 1893, na baada ya Vita vya Kwanza Waingereza wakaja na utawala wao na fikra zao za shule: mvulana apewe soka, msichana apewe netiboli. Fikra hiyo iliota mizizi kwa sababu nyingi, ila moja naiona husahaulika, nayo ni ardhi. Panda kutoka mjini kwenda Uru, Kibosho au Marangu utafute mahali tambarare pa mita 28 kwa 15. Penye kihamba pana migomba na kahawa, na pasipo na kihamba pana korongo. Shule iliyopata kiwanja ilikichonga ubavuni mwa mlima, ikapanda nyasi au ikaacha udongo wake mwekundu. Masika inapoanza Machi, udongo huo hauchezeki kikapu. Netiboli inachezeka, kwa kuwa mpira hauhitaji kugusa chini. Unapaa kutoka mkono hadi mkono. Kikapu kinataka sakafu, na sakafu ni mifuko ya saruji, kokoto, mchanga, fundi na mtu wa kulipa.

Kwa hiyo wasichana waliopita Ashira, Machame, Kibosho na Weruweru walilelewa na mpira wa pete, yaani netiboli. Weruweru iliongozwa kwa miaka mingi na Mama Maria Kamm, mwalimu aliyejulikana nchi nzima kwa kuamini kwamba binti anaweza kila kitu, na shule hizo zilitoa madaktari, mahakimu na wahadhiri. Zilitoa pia wafungaji hodari. Waliofika chuoni walikuta nguzo ya netiboli inawangoja, au hawakukuta kitu.

Na chuo chenyewe kilikawia. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na darasa lake la kwanza la sheria lilikuwa na mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwanamke mmoja anaweza kuwa waziri. Timu ya kikapu hawezi kuwa. Inataka watano uwanjani na wengine benchi. Moshi nako, Chuo cha Ushirika kilianza Januari 1963, na mwaka huohuo kikaanzishwa Chuo cha Wanyamapori Mweka. Waliosoma Ushirika siku zile walikuwa hasa makatibu na watunza hesabu wa vyama, watu wazima wenye familia, wengi wao wanaume, waliokuja kwa kozi fupi kujifunza mizania ya kahawa na pamba. Mweka waliandaliwa mabwana nyama. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971 ilikuja na wauguzi wanafunzi, na hapo mji ukapata kundi la wasichana wa chuo waliokaa bweni moja kwa miaka mfululizo. Miaka miwili kabla, 1969, ilikuwa imefunguliwa shule ya kimataifa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kigeni wa hospitali hiyo, ile ambayo tangu 2019 inaitwa UWC East Africa. Shule za aina hiyo huwa na viwanja vyenye sakafu. Lakini uwanja ulio ndani ya uzio wa shule ya ada kubwa hauzai mchezo wa mtaa.

Walikuwapo pia walimu Wamarekani. Mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki ulianza kuwaleta mwaka 1961, na vijana wa Peace Corps wakafuata. Walitoka nchi ambako ringi hugongomelewa hadi juu ya mlango wa gereji, na palipokuwa na mwalimu wa namna hiyo kikapu kilikuwa na mtu wa kukisukuma. Peace Corps waliondoka Tanzania mwaka 1969, wasirudi mpaka mwisho wa muongo uliofuata. Mchezo unaobebwa na wageni huondoka nao.

Kisha ukaja mwaka 1976, ambao nadhani ndio kiini cha historia hii, ingawa hakuna mechi yoyote ya kusimulia. Tuanze nyuma kidogo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), afanye kazi angalau miaka miwili, apate pendekezo la mwajiri na la chama. Nia ilikuwa kuvunja tabaka la wasomi waliojiona. Kwa wasichana matokeo yalikuwa mengine: wakati wa kusubiri ulikuwa wakati wa posa, na idadi yao chuoni ilishuka. Haikuchukua miaka mingi serikali ikawaondolea sharti hilo la kazi. Kwa mtu wa michezo, maana yake ni kwamba hata hao wachache ambao wangeunda timu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipunguzwa zaidi katika miaka ileile ambapo duniani wanawake walikuwa wanafunguliwa milango.

Mei 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika nchini. KNCU, fahari ya Wachagga tangu 1933, ikafutwa, na Chuo cha Ushirika kikabaki kinafundisha ushirika katika nchi isiyo na vyama vikuu. Tarehe 16 Juni polisi wa makaburu waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto, Johannesburg, waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Mtaa wetu wa Soweto hapa Moshi, ambao leo ni kata ya Manispaa, umebeba jina hilo. Na mwezi mmoja baadaye, Julai, ilifunguliwa Michezo ya Olimpiki ya Montreal, ambako wanawake walicheza kikapu kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Timu sita: Wasovieti wakachukua dhahabu wakiwa na Uljana Semjonova, mwanamke wa zaidi ya mita mbili, Marekani fedha, Bulgaria shaba. Tanzania haikuwapo Montreal kabisa. Ilikuwa mstari wa mbele kati ya nchi za Afrika zilizosusia, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini huku damu ya Soweto haijakauka. Wengi wanakumbuka mgomo ule kwa sababu ya Filbert Bayi, aliyekosa kupambana na John Walker katika mita 1,500. Mimi huukumbuka pia kwa sababu ya wasichana ambao hawakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kukosa. Simlaumu Mwalimu Nyerere, angefanya nini kingine? Ila ndivyo ilivyokuwa. Afrika ya watu weusi ililazimika kungoja miaka 20, hadi Atlanta 1996, ndipo wasichana wa Zaire akiwemo Mwadi Mabika wakaingia uwanja wa Olimpiki.

Marekani nako sheria ya Juni 1972, inayojulikana kama Title IX, iliikataza shule yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa jinsi yake. Mwaka huohuo wasichana wa Immaculata, chuo kidogo cha masista Wakatoliki huko Pennsylvania, walitwaa ubingwa wa vyuo, wakautwaa tena 1973 na 1974, huku masista jukwaani wakigonga ndoo kama ngoma. NCAA ilianza mashindano yake ya wanawake mwaka 1982. Louisiana Tech waliwafunga Cheyney State, chuo cha watu weusi, katika fainali. Tangu hapo ufadhili wa masomo, kocha mwenye mshahara na ukumbi uliojaa vimekuwa jambo la kawaida kule.

Hapa kwetu kazi hiyo ilishikwa na majeshi. Hili watu wa vyuo hawapendi kulisikia. Binti wa Kitanzania mwenye kipaji cha mkono au mguu hupata mshahara, sare, kocha na muda wa mazoezi akiajiriwa JKT, Polisi, Magereza au Uhamiaji. Ndiyo maana jina la JKT liko kila mahali katika michezo ya wanawake: JKT Stars kwenye kikapu, JKT Mbweni kwenye netiboli, JKT Queens kwenye soka. Nje ya majeshi kuna timu ya kikapu ya Don Bosco Lioness, ambao wametoka kwenye kituo cha vijana cha mapadre Wasalesiani Dar es Salaam. Chuo kikuu hakina nafasi ya kutoa kwa ajili ya mkono mzuri. Anayeomba huchaguliwa kwa alama zake, na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, humkopesha kwa kuangalia uhitaji wa familia yake. Hakuna kisanduku cha pointi tatu kwenye fomu.

Hata hivyo wasichana waliongezeka. Chuo cha Ushirika kiligeuka chuo kikuu kishiriki cha Sokoine mwaka 2004, kisha chuo kikuu kamili 2014. KCMC ilipata chuo chake cha tiba mwaka 1997, na Mwenge, chuo cha Wakatoliki cha kufundisha walimu, kilianza mwaka 2001. Mji uliokuwa na makatibu wa vyama kwa kozi fupi ukajaa mabinti wa shahada waliopanga vyumba Soweto, Shanty Town na Rau. Watano wa kuingia uwanjani si tatizo tena. Mashindano yakapata ratiba: UMISSETA kwa sekondari, SHIMIVUTA kwa vyuo, TUSA kwa vyuo vikuu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ilisimamisha michezo ya shule, ikidai inaharibu masomo, na ilipita miaka kadhaa kabla haijarudishwa. Wasichana wengi wa kizazi hicho walifika chuoni bila kushika mpira tangu darasa la saba. Makocha wa vyuo waliuona ufa huo.

Basi timu ya chuo Moshi hujengwaje? Si kwa bajeti. Serikali ya wanafunzi ina waziri wake wa michezo, kijana wa mwaka wa pili anayejifunza siasa kwa kutafuta jezi. Anabisha kwa Mshauri wa Wanafunzi kuomba nauli ya mashindano, anajibiwa kwamba fedha zipo lakini soka wametangulia. Kocha ni mwanafunzi mwenzao aliyewahi kucheza sekondari, au mhadhiri mwenye moyo. Matangazo hubandikwa: wanaotaka kikapu wafike saa kumi jioni. Wanafika wengi, na robo tatu yao ni wachezaji wa pete.

Hapo ndipo ile historia ndefu ya Smith na Dartford inaonekana kwa macho. Mpe mpira binti aliyelelewa na netiboli: anasimama palepale. Mguu wake wa egemeo haubanduki, kwa sababu sheria aliyoijua ilimkataza kutembea na mpira. Macho yanatafuta mwenzake, pasi inatoka kifuani imenyooka, kali, inamfika mtu mkononi na si mguuni. Kocha yeyote wa kikapu angelipa kupata pasi ile. Akiwa karibu na ringi ana mkono mtulivu, kwani amezoea kulenga ringi nyembamba zaidi na isiyo na ubao wa kumsaidia. Shida inaanza anapoambiwa aende. Kudunda kunamshinda, mpira unampiga goti. Anapoguswa bega husimama kungoja filimbi, maana kwenye pete mtu anayekukinga husimama mbali nawe. Na akifika katikati ya uwanja hugeuka kurudi, kana kwamba pana mstari asioruhusiwa kuuvuka. Senda Berenson ameuchora mstari ule miguuni mwake kabla bibi yake hajazaliwa.

Nimesikia makocha wakilalamika kwamba pete inawaharibia wachezaji. Sikubaliani nao. Kudunda kunafundishika kwa muhula mmoja palipo na sakafu. Jicho la pasi huchukua miaka. Aliyewafikisha mabinti hao chuoni na mikono hiyo ni mwalimu wa netiboli wa Rombo na Same, kwa mpira mmoja na nguzo mbili za mti. Lawama, kama ipo, iende kwenye saruji.

Majirani wanaonyesha umbali uliobaki. Uganda, Chuo Kikuu cha Kikristo kilichoko Mukono, UCU, kina timu ya wasichana, Lady Canons, ambayo imewahi kuwa bingwa wa taifa mbele ya klabu za watu wazima. Jane Asinde alipitia hapo kabla ya kwenda kucheza chuo kikuu cha Texas cha El Paso, akaichezea Uganda kwenye AfroBasket ya Kigali mwaka 2023. Nairobi kuna USIU Flames na Strathmore Swords, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina Oryx. Zote zimekuwa sehemu ya ligi kuu ya wanawake. Vyuo hivyo vimeamua kwamba timu ya wasichana ni tangazo la chuo, vikalipa.

Moshi haihitaji kungoja uamuzi mkubwa kiasi hicho. Kikapu cha tatu kwa tatu, kilichoingia Olimpiki kwa michezo ya Tokyo, huchezwa nusu uwanja, mita 15 kwa 11, kwenye ringi moja. Kila timu ina wachezaji wanne, mmoja akiwa wa akiba. Mechi ni dakika kumi, au mpaka timu moja ifikishe pointi 21. Hakuna mstari wa katikati wa kumrudisha mtu, na aliyezoea pasi fupi za haraka yuko nyumbani. Vyuo vitatu na mabinti wanne kila kimoja ni ligi tayari, na sakafu yake inaingia mara mbili katika kiwanja cha pete kilichopo, ubao ukisimikwa kila upande.